Mkeka wa Siwema

Kila mwaka somo la stadi za kazi liliisha vivyo hivyo: watoto wanasuka majani ya miyaa kuwa kili, vipande virefu vyembamba, na kuzishona ziwe mikeka, Mwalimu Mkuu anachagua mizuri, inakwenda kutandikwa sebuleni kwake. Mwaka huu alisimama kwenye dawati la Siwema, wa darasa la nne.

"Huu nauchukua."

"Nimemshonea bibi, mwalimu."

"Miyaa uliyosukia ni ya shule."

"Mikono ni yangu."

Siwema akauinamia mkeka. Mwalimu akadhani anauaga. Kumbe alikuwa analing'ata fundo la uzi ulioshikilia mishono.

Mwalimu akauvingirisha, akautia kwapani, akaondoka. Siwema hakulia. Alikaa palepale ameishikilia ncha ya uzi, mishono ikafumuka, na kili zikawa zinadondoka nyuma ya viatu vya mwalimu, moja moja, kuelekea mlangoni.