Barua ya Tatu Kutoka Ziwani

Pasang hakuwa na gari, hakuwa na meno ya mbele, wala hakuwa na kumbukumbu yoyote ya ziwa takatifu, ingawa alikuwa amelizuru mara mbili. Ndiyo sheria ya mlima: anayeshuka hufutwa kichwani, pale langoni, yote aliyoyaona na kuyasikia huko juu.

Safari hii ya tatu, yeye Mbudha alizunguka ziwa akisali, na mkewe Sarita, Mhindu, akaoga maji ya barafu.

"Baba Maya, nina uvimbe tumboni," alisema Sarita akijikausha. "Daktari anataka kunipasua."

"Mbona hukuniambia nyumbani?"

"Nyumbani ungeuza shamba. Hapa nautua mzigo wa moyoni, na tukishuka unasahau."

Sheria ilifuta vichwa tu, haikugusa karatasi. Pasang alikwenda kwenye posta ya watawa, akaandika: "Mama Maya ni mgonjwa. Mpeleke hospitali." Juu ya bahasha aliandika jina lake mwenyewe.

Mtawa wa posta, ambaye hashuki kamwe, alicheka. "Mzee, umezidi kujiandikia! Mwaka jana ulileta, mwaka juzi ulileta. Kwani hazifiki?"

Pasang alimtazama mkewe kupitia dirishani. Nyumbani, tarishi huja asubuhi, yeye akiwa shambani. Anayepokea barua ni Sarita.

Alikata jina lake, akaandika la binti yao Maya, aliyeolewa bonde la pili. Kisha akailamba bahasha, akaifunga, akaitumbukiza sandukuni.