Unywele wa Mwanaidi

Siku hizi ukipeleka unywele wa mtu maabara, unatengenezewa protini inayonasa kwenye mwili wake yeye tu, ikamponya au ikamuua. Ndiyo maana Mwanaidi alishtuka alipokuta unywele wake umekunjwa kwenye risiti ya maabara, mfukoni mwa shati la mumewe.

“Wa nini huu, Baba Rukia?”

“Nilitaka kukutengenezea dawa ya kichwa.”

“Mimi lini nimeumwa kichwa?”

Hamadi alicheka, akamsogezea kikombe cha chai. Alipoona mkewe hanywi, alikichukua akapiga mafunda mawili.

“Haya, umeona? Sijafa.”

Mwanaidi hakukigusa kikombe. Kilichotengenezwa kwa unywele wake kisingemdhuru mtu mwingine yeyote.

“Kunywa basi, mke wangu,” alisema Hamadi. “Inapoa.”