Orodha Mbili Kati ya Tatu

"Mmoja wenu amemwibia mwenzake," alisema Mwalimu Valence, na chai aliyowaandalia wageni wake ikapoa bila kuguswa.

Sebuleni kwake, Songea mjini, walikuwa watatu tu. Mama Lidwina wa Matogoro ndiye aliyemfundisha Valence kusoma na kuandika darasa la kwanza. Rupert, fundi simu wa Mpitimbi, hakuwahi kumwona mama huyo kabla ya asubuhi hiyo. Valence mwenyewe alikaa kando ya ukuta, kati ya picha yake ya mahafali na kalenda ya parokia.

Wanasayansi wa Ulaya walikuwa wanapima mtandao wa kwantamu: mashine tatu, miji mitatu, na chembe za mwanga zinazopatana ingawa ziko mbalimbali. Kila mashine ilifuata orodha ya mmoja wa hawa watatu wa Songea: sifuri au moja, mara mia tatu, zitoke kichwani, bila kushauriana. Wachaguzi wakifuata kitu kimoja, jaribio zima ni bure.

Jana barua ilifika. Orodha mbili kati ya tatu zilikuwa sawa, isipokuwa tarakimu nane. Majina yalikuwa yamefichwa. Songea wenyewe wamtaje mdanganyifu, la sivyo wote wanafutwa.

"Mimi ndiye niliyewapendekeza," Valence alisema. "Mmenivua nguo mbele ya watu." Msomi akikasirika hupenda karatasi, akawasukumia barua ya kukiri kosa, tayari imechapwa, na kalamu juu yake.

Mama Lidwina alijifunika uso kwa ncha ya kitenge. Miaka thelathini na minne aliwaadhibu watoto kwa kuigilizia, na leo mwanafunzi wake anamwita mwizi wa majibu. Aliona aibu hata ya kuinuka aende zake.

"Nilikaa na karatasi yangu siku nne, mwanangu," alisema. "Peke yangu."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Rupert hakuvumilia kumwona mtu mzima akilia. Aliichukua kalamu.

"Mwalimu, mwache mama. Mwenye kosa ni mimi." Macho yake yalikuwa sakafuni, masikio yanamwaka moto. "Kichwani hazikutoka. Kila nikijaribu, naandika moja, sifuri, moja, sifuri. Nikafuata kalenda ya misa ya parokia. Zaburi ya kila siku, tangu Januari mosi: namba ikiwa witiri naandika moja, ikiwa shufwa, sifuri. Lakini sikumwibia mtu, Mungu anaona."

Valence alisimama polepole. Akaegemea ukuta, mgongo ukiifunika kalenda, kama mtu aliyeshikwa na kizunguzungu.

Mama Lidwina alijifuta machozi, akamtazama Valence.

"Hebu sogea hapo, Valence," alisema, kwa sauti ile ile ya darasani.

Akasogea. Kwenye kalenda, kando ya kila zaburi tangu Januari mosi, palikuwa na sifuri au moja ya penseli, kwa mwandiko ambao yeye mwenyewe alimfundisha Valence.