Chumvi ya Bondeni, Mizizi ya Mlimani

Gulioni walikuwepo Ngiri wa bondeni, jina lake Makwega, aliyeleta chumvi. Pelele, yule pimbi wa mlimani, jina lake Kidundai, aliyeleta mizizi ya homa. Na Kanga dalali, Bi Mosi. Makwega alitaka mizizi tu, kwani mkewe, Sinamenye, alikuwa akiungua homa.

Desturi ya pale, muuzaji huonja kwanza bidhaa yake, kuonyesha haina sumu. Makwega akairamba chumvi yake.

Kidundai akacheka. "Shemeji, ninyi wa bondeni mmezoea sumu. Ulimi wako si shahidi."

Wa mlimani wote wakaangua kicheko.

"Mwenzio ana mgonjwa," Bi Mosi akamkanya.

Kidundai akaona haya. Akatafuna mzizi, akameza, akamsogezea Makwega fungu zima. "Chukua, shemeji. Ulikuwa utani."

Makwega akalitazama. Alilitamani, lakini akawaza: anayemdhania mwenzake sumu, sumu anaijua.

"Nanyi wa mlimani mmezoea," akasema. "Meno yako si shahidi."

"Makwega, mkeo!" Bi Mosi akapiga kelele.

Makwega akaliacha fungu, akajitwika chumvi yake, akateremka. Bondeni walimsifu kwa kukataa.

Sinamenye alikufa kabla ya gulio lililofuata.