Serikali Aliyoitetea Zamda

Wallahi haya ni kweli tupu. Nikiongopa, kahawa ya baraza zima nalipa mimi.

Zama hizo, kila aliyesomea sayansi ya siasa chuo kikuu alitawaliwa nyumbani kwake kwa hoja aliyoitetea kwenye mtihani. Zamda, kwa uchu wa alama, akaandika kwamba nchi hutulia watu wakikatazwa kulalamika. Akafaulu vizuri mno.

Jioni ukuta wa jikoni ukatangaza: humu, malalamiko marufuku.

Mama yake, Bi Hidaya, akatupa mwiko. “Yaani alama zako ndizo zinazonifunga mdomo mimi, niliyekuzaa?”

Taa zikazimika.

“Mwanaharamu wa ukuta!”

Maji yakakatika. Zamda akamziba mama mdomo kwa kiganja, analia. Hasira ikabaki machoni. Tangu hapo halijatoka neno nyumba ile.

Ati nini, Salehe? Mimi basi nilisimuliwa na nani?

Haya, muuza kahawa, wamiminie wote.