Mwezi wa Kinyonga

Baraza Tukufu la Miungu, yaani mimi na Bonge, lilikutana sakafuni bwenini ili kuumba anga moja la michezo yetu ya dadu. Kila mmoja wetu alikuwa amebuni ulimwengu wake na kuuchorea ramani, na sasa tulitaka mashujaa waweze kuvuka kutoka ulimwengu mmoja hadi mwingine.

Ulimwengu wa tatu ulikuwa wa rafiki yetu Kinyonga, ambaye baba yake alimhamisha shule kabla hajatuaga.

"Tuufute," Bonge alisema. "Mwenyewe hayupo. Nani atauchezesha?"

"Miungu haifuti, ewe tumbo lisilo na shukrani."

"Haya mheshimiwa, utauweka wapi?"

Ramani ya Kinyonga bado ilikuwa na doa la mafuta la kidole gumba chake, katikati ya bahari. Niliikata duara kwa mkasi, taratibu, nikaibandika juu kabisa ya ramani zetu.

"Huu ndio mwezi," nilitangaza. "Utaonekana kutoka kila mahali."

"Na shujaa wangu akitaka kwenda huko?"

"Hakuna njia."

Bonge alikichukua kijisanamu cha shujaa wake, akakilaza chali, uso juu.