Hamira Aliyemfukuza Mgeni Wake

Hamira huyu hasira zilimponza, wala simwonei huruma.

Aliishi ndani ya mtungi wa pombe ya mtama. Tumboni mwake aliishi Kirusi, kijidudu mgeni aliyemrithi kwa mama yake. Kirusi alimtengenezea sumu ya kuwatemea majirani, na pia kinga ili sumu hiyo isimdhuru mwenyewe. Hamira akatema, majirani wasio na Kirusi tumboni wakafa. Mtungi mzima ukawa wake na mabinti zake, kila mmoja na Kirusi wake tumboni.

Alipoona hana adui tena, akamgeukia mgeni.

"Kupe wewe! Unakula, unalala, hulimi. Toka!"

"Mama, niende wapi? Nje ya tumbo lako sina maisha. Na mimi nikifa, ile kinga..."

"Funga domo! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umekaa vizazi!"

Akajibandika kwenye ubavu wa mtungi ulioelekea motoni, maana alijua Kirusi hastahimili joto. Kirusi akafa. Hamira akarudi kati ya wanawe akipiga vigelegele.

Havikufika mbali. Mabinti walikuwa wakitema sumu kama kawaida yao, na safari hii ikamchoma mpaka ndani.

"Acheni, mashetani nyie! Mimi ni mama yenu!"

"Tunakujua, mama," wakamjibu, huku wakiendelea kutema. "Wewe ndiye uliyetufundisha kumtemea kila asiye na mgeni tumboni."